Kompyuta Iliyosikia Bila Kusikika

Mtu mmoja alikuwa na zahanati mlimani, mahali simu haikamati, na kompyuta ya Linux aliyopewa na wafadhili wa nchi za nje. Kwa Wi-Fi ya kompyuta hiyo, zahanati ilizungumza na hospitali iliyo ng'ambo ya bonde. Mtu huyo, Mzee Mbwambo, aliiheshimu sana zawadi ile. Alikataza mtu yeyote asibadili kitu ndani yake. Ibaki vile ilivyokuja. Na nyumbani kwake mkamwana hakupaza sauti mbele ya baba mkwe. Nakiete, mke wa mwanawe, ndiye aliyeiendesha kompyuta. Kila alilomwambia mzee alilisema kwa kunong'ona, ameinamisha kichwa, na mara nyingi alipomaliza mzee alikuwa ameshapita.

Mtandao ulikuwa ukikatika. Mzee aliwalaumu watu wa hospitali. Wakainua mlingoti wao, wakabadili antena, picha zao zikaja safi zaidi. Mtandao ukaendelea kukatika.

Asubuhi moja ya mvua, Eliwaza, binti yake mzee, alishikwa na kifafa cha mimba akiwa karibu kujifungua. Mkunga alikuwa na dawa, lakini hakuthubutu kuichoma bila neno la daktari kuhusu kipimo. Daktari akatokea kwenye kioo, uso wake waziwazi, akiuliza kama kuna mtu upande wa pili. Wakamjibu wote kwa pamoja. Picha ikaganda. Akarudi, akauliza yale yale, akaganda tena. Mzee akaipiga meza, akawatukana wa hospitali na mlingoti wao, akaamuru mtu ashuke kwa miguu, ilhali mto ulikuwa umefurika. Kando yake Nakiete alikuwa anasema neno. Kwa adabu. Eliwaza akaanza kukakamaa tena.

Ndipo Nakiete alipoinua kichwa, na sauti yake ikajaza chumba.

"Baba, nyamaza! Hao tunawasikia. Sisi ndio hatusikiki!"

Nakiete hakungoja ruhusa. Kompyuta ile ilikuwa ingali inafuata sheria ya nchi ilikotoka, ambako nyumba zimebanana na chombo kama hicho hutakiwa kurusha mawimbi kwa nguvu ndogo, kisiwasumbue majirani. Masikio yake yalikuwa mazima, sauti imefungwa. Akaandika amri, akaweka nchi yetu mahali pa ile, akapandisha nguvu ya kurusha hadi pale sheria yetu inaporuhusu. Akakosea, akaandika upya.

Daktari akarudi. Mkunga akaeleza mpaka mwisho, naye daktari akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akataja kipimo. Dawa ikachomwa. Baada ya muda mwili wa Eliwaza ukalegea, pumzi ikatulia.

Mzee akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Akamuuliza mkamwana wake alilijua jambo hili tangu lini. Nakiete akainamisha kichwa, akamjibu kwa sauti ile ya siku zote kwamba tangu masika yaliyopita, na kwamba alimwambia. Mzee alilazimika kusogea karibu ili amsikie.

Nawe unayelalamika kwamba hakuna aliyekuonya: nyumbani kwako nani amewekewa kipimo cha sauti, na ni mkono wa nani uliokiweka?