Fuwele ya Sikitu

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini, bali zamani zetu hizi za umeme na kompyuta, palikuwa na mwanamke aitwaye Sikitu, fundi wa kuotesha fuwele. Aliyeyusha madini tanurini, akayaacha yapoe polepole, yakapasuka. Akayeyusha tena, yakapasuka tena. Miaka ikapita. Mwishowe ikatoka moja tu nzima, nyeusi, ndogo kama punje ya mtama.

Maabara nzima alikofanya kazi ilitaka kujua elektroni zinakimbiaje ndani yake. Njia ilikuwa kuipiga kwa mwanga mkali wa leza. Ikizidiwa, hutoa mwanga wa rangi nyingine, na katika rangi hiyo mwendo wa elektroni husomeka. Leza yenyewe ilikuwa ya kuazima, na gari la kuirudisha lilikwisha fika nje.

Kibwana, fundi wa leza, akaiwasha. Hamna kitu. Akaongeza nguvu. Hamna kitu.

"Kaka Kibwana, ishia hapo," Sikitu akasema. "Ukiongeza itapasuka."

"Nisipoongeza, dada, hatuoni kitu."

"Sina nyingine! Nakuomba."

Kibwana akaongeza.

Fuwele ikalia ta! Ufa. Sikitu akamgeukia Anyisile, mwenzao aliyeshika kitufe cha kuzima leza. "Zima, mdogo wangu! Zima!"

Anyisile hakuzima. Kwenye skrini alikwisha ona mwanga wa zambarau ukichomoza ubavuni mwa fuwele, upande ambao hakuna aliyeutegemea. Akakigeuzia huko kipokezi cha mwanga, akaunasa. Papo hapo fuwele ikawa unga.

Mwendo wa elektroni ulioonekana pale haukuwahi kuonekana kokote. Habari zikaenea, na maabara moja ya ng'ambo ikaomba mtu mmoja, mmoja tu, aende akaiendeleze kazi ile.

"Ni mimi," akasema Sikitu. "Bila fuwele yangu mngemulika nini?"

"Ni mimi," akasema Kibwana. "Tungekusikiliza wewe, ingekuwa nzima mpaka leo, na bubu."

"Ni mimi," akasema Anyisile. "Wewe ulitaka nizime, na huyu alikuwa anatazama kusiko. Mwanga ungetupita hivi hivi."

Sikitu alitaka kuwachukia, lakini zambarau ile haikumtoka machoni. Wala unga ule haukumtoka.

Sasa wamesimama mbele ya mkuu wao, hawatazamani, naye anataka jina moja. Enyi mnaonisikiliza, kama kiti cha mkuu yule mngekikalia ninyi, je, mngemtaja nani?