Kwa Nini Rebe wa Zelevitz Huketi Benchi la Nyuma

Kulikuwa na wakati ambapo rebe wa Zelevitz hakuweza kukanyaga kizingiti cha yeshiva, wala mwanafunzi wa yeshiva hakumwamkia rebe njiani. Ninyi mliozaliwa juzi mtadhani nawatungia. Lakini nyanya yangu aliuza samaki kwenye daraja la mji ule, na wateja wake walitoka pande zote mbili, kwa hiyo aliyajua ya huku na ya kule.

Mto uliugawa mji. Ng'ambo ya mashariki walikaa Wahasidi, Wayahudi waliomwabudu Mungu kwa nyimbo na kwa kucheza, wakimfuata kiongozi waliyemwita rebe. Ng'ambo ya magharibi ilisimama yeshiva, chuo ambamo vijana arobaini walisoma Torati na Talmudi, vitabu vya mafundisho ya wenye hekima wa kale, tangu alfajiri, wakibishana kwa sauti juu ya kila neno. Wasomi waliwaona Wahasidi ni watu wa kelele. Wahasidi nao waliwaona wasomi ni watu wakavu wa moyo. Hawakuoana, wala hawakuzikana.

Rebe wa siku hizo aliitwa Uziel, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Mkuu wa yeshiva alikuwa Rabi Todros, mwembamba, mkali, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

Mwaka mmoja theluji iliyeyuka kwa haraka isiyo ya kawaida. Mto ukafura, ukaing'oa yeshiva pamoja na misingi yake. Hakufa mtu, lakini vitabu vilikwenda na maji. Ilisalia juzuu moja tu ya Talmudi, ambayo Rabi Todros aliikumbatia kifuani alipokuwa akijiokoa. Wanafunzi wakaanza kufunga virago warudi makwao, na upande wa pili watu wakanong'onezana kwamba Mungu amehukumu.

Asubuhi ya tatu Brayna, mke wa rebe, alimkuta mumewe amefungua dirisha la mtoni, chumba kizima kimejaa baridi.

"Utaugua, Uziel. Unatafuta nini hapo?"

"Siwasikii."

"Huwasikii nani?"

"Wale wanaonikataa," akajibu. "Miaka ishirini nimesali huku nasikia sauti zao zikivuka mto. Leo nimesimama kusali, maneno hayaji."

Brayna akamrushia koti. "Basi nenda ukawatafute. Dirishani utawapata wapi?"

Rebe akavuka daraja mchana kweupe, watu wote wakimtazama. Alimkuta Rabi Todros sokoni, akiikausha juzuu yake ukurasa mmoja mmoja juu ya meza ya muuza vitambaa.

"Nyumba yetu ya sala ina paa na jiko la kuni," rebe alisema. "Walete wanafunzi wako wasomee humo mpaka mjenge upya. Sisi tutasali ghalani."

Rabi Todros hakuinua kichwa. "Na baada ya mwezi mmoja watakuwa wanacheza."

"Utawafundisha kama ulivyowafundisha siku zote."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kuketi nyuma nisikilize."

Rabi alimkazia macho muda mrefu, kama anayetafuta kosa katika maandishi. Hakuliona. Akaifunga juzuu, akamfuata.

Si wote waliofurahi. Getzel, mfanyabiashara wa mbao aliyeijenga nyumba ile ya sala, alimjia rebe na kumwambia, "Wakiingia hao, mimi natoka."

"Nitakukosa sana, Getzel," rebe akasema.

Getzel akatoka kweli, na familia thelathini zikamfuata hadi mji mwingine kwa rebe mwingine. Hawakurudi. Nyanya yangu alisema kiangazi hicho rebe alikonda mpaka kanzu ikamning'inia, lakini neno lake hakulitangua.

Kila asubuhi aliketi benchi la nyuma kabisa, kimya. Kwa kuwa juzuu ilikuwa moja tu, walisoma hiyohiyo, na siku moja wakafika penye habari za punda. Rafiki yako anataka umsaidie kumtua punda wake mzigo, na adui yako anataka umsaidie kumpakia wake. Uanze na yupi? Wenye hekima wa kale walijibu: anza na adui, upate kuutiisha moyo wako.

Ndipo rebe akainua mkono. "Rabi, nimeelewa wajibu wa anayesaidia. Na huyo adui mwenye punda, yeye anapaswa kufanya nini? Naomba kujua. Sijui."

Wanafunzi wakageuka. Hawakuwahi kusikia kwamba rebe anaweza kusema hajui.

"Jibu ni rahisi," Rabi Todros akaanza. "Torati imesema umsaidie naye akifanya kazi pamoja nawe. Mwenye punda akiketi kando na kusema, 'Umeamriwa wewe, fanya wewe,' basi huna wajibu wa..."

Miezi mitatu alikuwa amechoma kuni za watu wale na kukaa chini ya paa lao, naye hakuwa amewaambia hata asante. Uso ukamwiva. Akashuka kutoka kwenye meza yake ya kufundishia, akapita katikati ya mabenchi yote, akaketi ubavuni mwa rebe.

"Nimeketi kando," alisema. "Nisamehe. Sasa tusome pamoja."

Juma lililofuata Wahasidi na wanafunzi walibeba boriti za yeshiva mpya begani, mmoja mbele, mwingine nyuma, na kabla ya majira ya baridi ilikuwa imesimama.

Na tangu siku hiyo, hata baada ya watu wa Zelevitz kuhama nchi na kuijenga yeshiva yao hapa Yerusalemu, kila mwaka masomo ya kiangazi yanapoanza rebe huja akaketi benchi la nyuma na kuuliza swali linalomtatiza kweli. Mkuu wa yeshiva hushuka akamjibu wakiwa wameketi bega kwa bega. Mara nyingi hawakubaliani. Mwaka jana walibishana mpaka supu ikapoa, na hakuna mwanafunzi aliyetaka kuondoka kwenda kula.