Kizimba cha Wagonjwa

Chumba cha panya kilikuwa na mlango wa chuma, dirisha moja lisilofunguliwa na rafu mbili zilizotazamana. Rafu ya kushoto ilibeba panya kumi wanene, waliotembea kwa kuyumba kama wachukuzi waliochoka. Ya kulia ilibeba kumi wembamba, wepesi kama unyoya. Wote walikula chakula kilekile kwa kipimo kilekile. Mbari walizozaliwa tu ndizo zilizotofautiana. Siku walipoletwa, Daktari aliyeongoza utafiti aliwatupia jicho, akaandika vibandiko viwili: wanene akawaita "Wagonjwa", wembamba "Wazima". Hakuna aliyekuwa amepima hata tone la damu.

Mtunzaji wao alikuwa mwanamke mtaratibu ambaye wenzake walimwita Mama Panya. Aliwalisha, aliwapima uzito na kuandika namba kwenye vichupa vya damu. Mkataba wake ulikuwa unamalizika Ijumaa, na wa kuurefusha alikuwa Daktari.

Jumatatu majibu yalirudi. Damu ya Wagonjwa ilikuwa safi. Ya Wazima ilijaa sukari. Fundi wa maabara, aliyeitoa damu ile, alitania kwamba labda Wazima walikuwa wakitoroka kwenda kunywa soda. Daktari aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaongea kwa sauti ya chini, na upole huo ndio uliomtisha Mama Panya.

"Mama, vichupa umevichanganya. Mnene awe mzima, mwembamba augue? Haiwezekani."

Alitaka kukana, lakini kwanza alijiuliza. Akairudia asubuhi ile kichwani, hatua kwa hatua: kalamu, namba, kifuniko, kalamu, namba, kifuniko. Kisha akakumbuka kwamba katikati ya kazi aliitwa mlangoni kupokea magunia ya chakula. Aliporudi, je, alianzia alipoishia? Hakuwa na hakika.

Nyumbani aliisukuma sahani kando. Mumewe alipombana, alimweleza yote. Mume akamshauri asiutaje ule mlango, kwani Daktari hakumwona, na mwenye kujishtaki hana wakili.

"Nisiposema, mume wangu, mikono hii sitaiamini tena," alijibu.

Jumatano alimwambia Daktari kila kitu, hata habari ya magunia. Aliomba jambo moja tu: damu itolewe upya, namba aziandike Daktari mwenyewe, naye akae nje ya chumba. Fundi alimnong'oneza, "Dada yangu, kaburi umejichimbia, na sepetu umeileta mwenyewe."

Alisimama ukumbini akisikiliza milio ya vizimba vikifunguliwa na kufungwa. Kama majibu yangegeuka, basi yeye ndiye aliyekosea, na Ijumaa angekabidhi funguo. Viganja vilimlowa jasho. Akavifuta kwenye koti, vikalowa tena.

Alhamisi majibu yalikuja yaleyale. Wanene walikuwa salama. Wembamba walikuwa na sukari.

Daktari aliyalinganisha majibu yote mawili. Kisha akaagiza panya mmoja wa kila rafu alazwe kwa dawa asiamke, akamwita Mama Panya mezani. Alipompasua mnene, mafuta yalikuwa chini ya ngozi, meupe na laini kama pamba. Ndani, ini lilikuwa jekundu na utumbo ulionekana vizuri. Alipompasua mwembamba, chini ya ngozi hapakuwa na kitu. Lakini tumboni mafuta yalikuwa yameuzonga utumbo kama mmea mtambaazi uliozonga mti, na ini lilikuwa limepauka, likiteleza kwa mafuta.

Daktari alisema wawili si ushahidi. Akaendelea na wengine hadi jioni. Kila alipopasua, habari ilikuwa hiyohiyo: uzito haukusema mengi, mahali mafuta yalipokaa ndipo paliposema.

"Mama, uniwie radhi," alisema akivua glavu. "Wewe ulitilia shaka mikono yako, ukaomba ipimwe. Mimi sikuyatilia shaka macho yangu." Akasaini mkataba wake palepale, kwenye kona ya meza iliyokuwa kavu.

Mama Panya alishukuru. Alipogeuka, alimwona fundi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Daktari," fundi aliuliza taratibu, "na mimi unaweza kunipima sukari? Leo, si kesho."

Safari hii hakuna aliyemwambia kwamba haiwezekani. Daktari alichukua sindano mpya, akamvutia kiti, kwa maana nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.