Sikudhani Amsifu Rais

Mwenyekiti Lwambano wa chama tawala aliwakuta wateja wa mama ntilie Sikudhani wakimponda rais kibandani kwake, akamfokea Sikudhani.

"Kesho kwenye mkutano wa chama utasema rais amekuza uchumi na kutufungulia milango ya nje. Ukikataa, kibanda nakivunja!"

"Nitasema, mheshimiwa. Nitoe na mifano?"

"Tena mingi!"

Kesho yake Sikudhani alishika kipaza sauti. "Uchumi umekua! Mwenyekiti wetu alikuwa amepanga chumba kimoja, leo ana ghorofa tatu. Milango ya nje imefunguka! Wanawe wote wako Ulaya, na yeye jino likimuuma anapanda ndege."

Uwanja mzima uliangua kicheko.

"Mheshimiwa, nimesema uongo?"

Wakubwa wa chama walikuwa wamekaa naye jukwaani, na Lwambano hakuthubutu kuyakana mafanikio ya rais.

"Ni kweli tupu," alijibu huku akipiga makofi. Kibanda hakukigusa tena.