Joho la Siwatu

Hadithi hii ina wenyewe, mimi nawaletea tu. Mkigombana baadaye, msinitaje.

Mji wa Shungi ulikuwa na mashujaa watatu wenye majoho mekundu. Kidawa alisikia hata mchwa wakila boriti nyumba ya tatu. Faki alikuwa na mbio: angekwenda mji wa pili kununua chumvi akarudi mafuta hayajapata moto. Machano aliinua lori la mchanga kwa mkono mmoja, ingawa kujiinua kitandani asubuhi kulimshinda.

Siku moja ya gulio, vitu vikaanza kupaa. Yalipaa masufuria, wakapaa mbuzi, mwisho likang'oka tangi la maji, likaning'inia juu ya zahanati iliyojaa kina mama na watoto wachanga.

"Kuna mchawi hapa! Atafutwe, apigwe mawe!" watu walipiga kelele, na wengine walikwisha kuinama kuyaokota.

Kidawa akafumba macho, akasikiliza. Chini ya makelele yote alisikia kilio kutoka kibanda cha mashine ya kusaga. Akaingia, akaketi kwenye pumba karibu na msichana wa miaka kumi na miwili, jina lake Siwatu. Mama yake alikuwa amezikwa juzi kijijini Mkwajuni. Ndugu waligawana vitu, kisha wakamfukuza, kwa kuwa kila akilia vyombo huruka.

"Siwezi kuvizuia, shangazi," alisema. "Nikijaribu ndiyo vinazidi. Nataka kanga ya mama tu."

Faki, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakungoja aambiwe. Alikimbia hadi Mkwajuni, akaivua ile kanga mabegani mwa aliyejirithisha, akasema "Samahani, mama," na kabla hajajibiwa alikwisha kurudi. Siwatu akajifunika nayo uso. Ilikuwa bado na harufu ya mama yake. Akanyamaza.

Hapo ndipo mashujaa wetu walipokumbuka jambo ambalo mpishi yeyote aliyewahi kuchemsha maziwa angelikumbuka mapema: kilichopaa kwa kilio kitaanguka kwa kunyamaza! Mbuzi wana bahati, waliangukia rundo la mitumba. Tangi lilikuja moja kwa moja juu ya zahanati. Machano akaruka paani, akalipokea kwa mgongo, kuta zikalia, naye akalishikilia mpaka mtoto wa mwisho akatolewa nje. Alhamdulillahi, hakuumia hata mmoja. Mji mzima ulishusha pumzi, na wenye mawe wakayaachia kimyakimya.

Sasa, mwenye kipawa kama cha Siwatu watu wa Shungi humfanya shujaa, na wana desturi yao. Shujaa mpya hukatiwa kitambaa kutoka joho la aliyemwokoa, kikashonwa kwenye lake, na tangu siku hiyo huwa mtoto wa nyumba ya huyo mwokozi wake. Joho hukatwa moja tu. Fundi cherehani akaweka mkasi mezani, na ugomvi ukaanza.

"Bila masikio yangu angepigwa mawe," alisema Kidawa.

"Na bila kanga angekuwa analia mpaka sasa," alisema Faki.

"Na bila mgongo huu," alisema Machano, akijisugua kiuno, "angeishi vipi na vifo vya wale watoto?"

Siwatu aliwatazama mmoja mmoja. "Mnanigombania mimi?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mkasi ukapaa kidogo juu ya meza, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Ukishuka tu, fundi atakata. Haya, ninyi mliokaa hapo mkinitazama: akate joho la nani?