Ganda la Roketi na Kiapo cha Nyati

Paukwa!
Pakawa!
Nisimulie au nilale?
Simulia, kulala tutalala tukichoka.
Haya basi. Anayetaka kusinzia asinzie hapa mbele nimwone.

Hapo zamani, si zamani sana, watu wa nchi za mbali walirusha roketi. Roketi ikaenda zake ilikotumwa, ganda lake likaachwa huko juu linazunguka, linazunguka, mpaka likachoka. Mchana mmoja wanyama wa mbuga wamejipumzisha, wakasikia vuuuuu, halafu puh! Ardhi ikatikisika. Ganda la chuma, pana kama paa la banda, limeangukia chemchemi yao na kuifunika. Malisho ya Swala yakaungua. Wanyama wakatimua mbio, kila mmoja na njia yake.

Lilipopoa, wa kwanza kurudi alikuwa Nyati. Huyu Nyati, jamani, alikuwa na nguvu za kumwaga na tumbo lisilojua asante. Akalizunguka lile ganda, akaona maji yamebaki yanapenya upande mmoja tu. Akasimama upande huo huo, miguu yote ndani ya tope.

Akaja Swala. "Bwana Nyati, la nani hili?"
"Langu."
"Na maji?"
"Yangu."
"Na mimi je?"
"Kalete majani."
Swala akaleta majani, akapewa funda. Akaja Punda Milia. La nani hili? Langu. Na maji? Yangu. Na mimi je? Kalete majani. Ikawa hivyo hivyo kwa kila aliyekuja, na Nyati anatafuna tu.

Akaja Nguchiro. Nguchiro ni kinyama kidogo, kirefu cha mwili, kifupi cha miguu, na kule kichuguuni alikuwa ameacha watoto wanalia kwa kiu. Naye hali majani. Meno yake ni ya kuvunjia mayai na kutafunia panzi. Akang'oa, akang'oa, akapata kiasi cha kujaza kiganja. Nyati akanusa, akacheka.

"Hicho ni kijiti cha kuchokolea meno. Rudi ulikotoka."

Nguchiro akarudi kwa watoto. Kitinda mimba alikuwa hata kulia hawezi tena, ametoa ulimi tu. Moyo ukamuuma mama yake, kisha hasira zikampanda. Na Nguchiro akikasirika huwa mpole sana. Akajipangusa vumbi, akaenda tena.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."
"Marahaba. Majani yako wapi?"
"Sikuja kwa maji. Nimekuja kwa kukuonea uchungu. Ganda hili lina ndugu zake tele, wanazunguka huko juu. Na Tembo anatangaza kwamba maganda hayo yakianguka ni yake, maana wewe hujalamba udongo."

Sasa jueni, mila ya mbuga ile ilikuwa hivi: ukitaka kitu kiwe chako kweli, unalamba udongo pale kilipo, wenzako wakishuhudia. Ukishalamba ni chako, pamoja na faida yake na balaa lake. Aliyelamba kisha akakana, udongo humgeukia tumboni. Nyati aliyajua yote hayo, ila akilini mwake lilibaki neno faida peke yake.

"Waite wote," akasema. "Na Tembo aje."

Wakaja. Nyati akainamisha kichwa, akalamba udongo, lap! "Ganda hili ni langu. Na yote yaliyoko juu ni yangu. Likianguka leo langu, likianguka kesho langu. Tembo asiguse."

"Wala siyataki," akasema Tembo.

Nguchiro akapanda juu ya ganda. "Jamani, mmesikia?"
"Tumesikia."
"Ganda la nani?"
"La Nyati."
"Lililounguza malisho ya Swala?"
"La Nyati."
"Lililoziba chemchemi yetu?"
"La Nyati."
"Na mwenye kitu kilichoziba maji hufanya nini?"
Wakaitikia wote, mpaka Kobe ambaye huwa hasemi: "Hukiondoa."

"Basi si langu," akasema Nyati. "Ni la watu wa huko..." Hakumaliza. Tumbo lake, lililojaa majani ya mbuga nzima, likanguruma: ngurrruu.

"Ni udongo huo," akasema Nguchiro taratibu. "Umeshaanza."

Nyati akatokwa na jasho. Ngurrruu. "Langu, langu," akasema mbiombio, akaingiza pembe chini ya ganda. Kwaruuu, kwaruuu, akalisukuma, na maji yakaruka bwaaa! Vigelegele vikapigwa mbuga nzima. Watoto wa Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama yao akanywa baadaye, polepole, akimtazama Nyati anavyohema, na furaha yake hakuificha hata kidogo.

Nyati hajafika korongoni kulitupa, vuuuuu, puh! Jingine, kwa Punda Milia. Wote wakamgeukia.

"Bwana Nyati, mali yako imeanguka."

Akaenda, afanyeje? Ndiyo maana mpaka leo Nyati akila majani mara huinua pua, akaitazama mbingu, amenuna.

Ngano yangu imefika mwisho. Tamu yake mmeila, makapi niachieni mimi.

Na funzo mnalitaka? Funzo ni hili: taka zako usimtupie jirani, ni tabia mbaya. Zirushe juu kabisa. Zikirudi, nyamaza. Kosa la Nyati ni kusema "langu." Wenye roketi wamenyamaza mpaka leo, na udongo hakuna aliyewalambisha.