Dubu Henriki wa Sitini na Mbili na Babu Zake

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nini?
Pakawa na kasri, pakawa na dubu, pakawa na njaa mlangoni.

Basi hapo kale, katika msitu wa Ujerumani, ambako theluji humwagika kama unga wa muhogo, alikaa Dubu mmoja mnene, mwanamfalme wa ukoo wa Brumenstaini. Ukoo huo, waungwana, ulikuwa na jina moja tu. Kila mtoto wa kiume aliitwa Henriki, akapewa na namba asije akapotea. Huyu wetu alikuwa Henriki wa Sitini na Mbili.

Kila mwaka, kabla ya baridi, Dubu alipita mlango kwa mlango, tii, tii, tii. Akichukua njugu, akichukua asali, akichukua uyoga. Ukimwuliza, alijibu kwamba msitu ni wa babu zake. Mwaka huo akalisafisha hata tundu la Bi Kindi, mjane mwenye watoto watatu, asimwachie hata ganda. Bi Kindi akawatazama wanawe, akayatazama mawingu. Kesho yake akaenda kasrini kwa Dubu, akapiga magoti.

Akamwambia Dubu kwamba msituni kuna maneno: wako wanaosema ukoo wake umeanza juzi. Dawa yake, akasema, ni kuwaita wanyama wote mbele ya ghala lake la vyakula, awatajie babu zake mmoja mmoja, akiwa amefumba macho kwa heshima yao, wala asitie kitu kinywani mpaka amalize.

"Nitawataja hata kinyumenyume," akasema Dubu.

Siku ikafika. Dubu akafumba macho. Henriki wa Kwanza akamzaa Henriki wa Pili, Henriki wa Pili akamzaa Henriki wa Tatu. Nyuma yake mlango wa ghala ukafunguka, kwii. Njugu zikapita mkono kwa mkono, chakacha, chakacha. Alipofika wa Kumi na Tisa, Bi Kindi akakohoa.

"Samahani, Mtukufu. Huyu ni mwana wa yule wa Kumi na Nane, au ni mdogo wake?"

Dubu akababaika, akaanza upya. Akafika wa Thelathini, Bi Kindi akakohoa, Dubu akaanza upya. Akafika wa Arobaini, Bi Kindi akakohoa, Dubu akaanza upya. Siku ya tatu theluji ikaanguka, pu, pu, pu, na dubu wa huko theluji ikianguka, usingizi haumwombi ruhusa.

"Henriki wa Hamsini akamzaa... akamzaa..." Khorooo.

Akalala miezi minne. Msitu mzima ukala. Watoto wa Bi Kindi wakanona hata mlango wa tundu ukawabana.

Jua liliporudi, Dubu akaamka, ngozi imemlegea kama kanzu ya kuazima. Ghala tupu. Akamkamata Bi Kindi mkia, akamwuliza ni nani aliyekula. Ulimi wa Bi Kindi haukutetemeka.

"Uliwaita babu zako kwa majina, Mtukufu, nao wakaja. Wakuu sitini na mmoja mezani. Mimi ni nani niwanyime?"

Dubu akauachia mkia polepole. "Walikuja wote?"

"Wote. Wa Kwanza aliomba aongezewe asali."

Dubu akapiga hesabu. Akisema hawakuja, ukoo hauna heshima. Akisema walikuja, waliokula ni wenye msitu wenyewe. Mwisho akafuta chozi la furaha, akauliza kama walimsifu. Bi Kindi akasema walimsifu sana, na mwakani watarudi.

Hadithi imefika kwao, nami nimefika kwetu. Funzo lake: mkubwa akitaja nasaba yake, msikilizeni kwa adabu mpaka mwisho, wala msile mtu akizungumza. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilisikiliza kwa adabu, ndiyo maana nimerudi na njaa.